Mama, Nimekirudisha Kimulimuli

Mama, shikamoo.

Nimeandika neno hilo kisha nikanyamaza kidogo, kwa mazoea, kana kwamba utaitikia. Wewe mtu asipokuamkia kwanza hukuwa unasikiliza shida yake, hata kama nyumba yake inaungua. Basi nimekuamkia. Sasa nisikilize, maana nikichelewa nitaghairi.

Niko hapa Singida mjini, ndani ya nyumba ya mtu ambayo wayaringi yake ya umeme imefika nusu. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi, karatasi nimeiweka gotini. Tangu asubuhi nimefunga swichi mbili tu. Nikishika bisibisi natamani kalamu, nikishika kalamu natamani kuinuka nikatembee. Nimekuwa hivi tangu tulipokuzika. Nakula nimesimama. Nikiingia chumbani kwangu nawasha taa, nazima, nawasha tena, kama mtoto aliyeona umeme jana. Mwenye nyumba amepita hapa sasa hivi akaniuliza, "Fundi, leo hujisikii vizuri?" Nikamjibu kwamba naandika vipimo. Nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe.

Nataka kukueleza habari za ile balbu ya chumbani kwenu. Najua wewe ndiye uliyeinunua, na wewe ndiye uliyenipigia simu mara tatu kwa ajili yake. Lakini yaliyofuata huyajui. Na mimi nilikuwa na jambo nililolificha mbele ya watu wote, mbele ya Baba, mpaka lilitaka kumtoa Baba kwenye nyumba yake.

Nianze na nge, maana bila yule nge hakuna lolote kati ya haya.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ufundi. Umeme ulikuwa ndio kwanza umefika kwetu Misigiri, na yule fundi wa kwanza alikufungieni swichi nyuma ya milango, mahali ambapo hata mwenye macho ya paka hawezi kuziona. Ukatoka jikoni na sufuria mkono mmoja, mkono mwingine ukawa unapapasa ukuta wa korido. Nge naye alikuwa amejibandika palepale. Alikuuma katikati ya kiganja. Baba alikufunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, majirani wakajaa, ukatoka jasho mpaka alfajiri. Kulipokucha ulinipigia simu, na unajua ulilalamikia nini? "Ugali wa mtama, Naomi. Nimeupindua wote, na ulikuwa umeiva vizuri!" Habari ya nge niliipata kwa Baba.

Likizo nilikuja na zile swichi za taa ndogo, zile ambazo ukizima taa kubwa kinabaki kidoti chekundu kwenye swichi ili uione gizani. Ulisimama nyuma yangu siku nzima ukinisimamia. Nilipoweka alama ya kwanza kwa kipimo cha chuoni ulicheka. "Unamfungia nani swichi huko juu, twiga?" Kisha ukanisogeza. Ukatoka nje ya chumba, ukafumba macho, ukaingia kama mtu anayetoka jikoni na vitu mkononi, ukainua mkono bila kufikiri. Pale kiganja kilipogusa ukasema, "Hapa. Tia alama." Tulifanya hivyo mlango kwa mlango. Mama, mpaka leo wateja wangu nawafumbisha macho. Wengine wananiona sina akili timamu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia kulalamika kwamba haoni swichi.

Usiku wa kwanza hukulala. Ulisema jicho la fisi gizani lina rangi ileile, na kwamba hujaishi miaka yote hiyo ukiwafukuza fisi zizini ili mwanao aje akufungie mmoja ukutani. Ukatundika khanga juu ya swichi. Siku tatu khanga ile ilining'inia pale, na mimi nilinuna siku tatu. Siku ya nne niliikuta imekunjwa kwenye kiti. Jioni nilikusikia ukimwambia Baba, "Zima tu, kimulimuli kitatuonyesha." Tangu hapo kikaitwa kimulimuli, na mimi nikaacha kununa.

Ulikijua kuliko nilivyokuambia. Ulijua kwamba kimulimuli kikizimika, ama umeme umekatika ama balbu imeungua. Ulikuwa unakiita rafiki wa raha, kwamba giza la kweli likija nacho kinakimbia, unabaki wewe na kibiriti chako. Na kibiriti hukuwahi kukihamisha. Kipo mpaka leo juu ya mlango wa jikoni, upande wa kulia, nimekishika kwa mkono wangu wiki iliyopita.

Nimeinuka kidogo. Nimezunguka nyumba hii ya watu mara mbili. Nimerudi.

Sasa balbu. Ile ya zamani, ya waya unaowaka ndani, iliungua. Ukaenda gulio la Shelui na kuku wawili kwenye kikapu, ukarudi na balbu mpya nyeupe, zile za siku hizi. Jioni simu ikalia. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya wageni moja hapa mjini, simu nimeibana kwa bega. Hukungoja nikuamkie, na hiyo peke yake ilitosha kunijulisha kwamba una jambo.

"Naomi, hii balbu ya Shelui haina adabu. Nikiizima inamkonyeza baba yako, na mimi nipo!"

Nilicheka karibu nidondoke. Nikakueleza harakaharaka: ile taa ndogo ya kwenye swichi inapitisha umeme kidogo sana, balbu ya zamani haikuujali, hii mpya inaukusanya taratibu ndani yake, ukitosha inawaka mara moja na kuzimika. Ukauliza kama itatuunguza. Nikasema hapana. "Basi utakuja kuitazama." Nikasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ilifika na mimi sikufika. Ukapiga tena. Nikasema kuna kazi naimalizia, wiki ijayo. Mara ya tatu ulipopiga nilikuwa nimegombana na mtu wa saruji, yule anayepiga plasta, jua kali, na nikakujibu vibaya. Naandika maneno yenyewe ili usije ukasema nimeyapamba. Nilisema, "Mama, nimeshakuambia hiyo si hatari. Si uvumilie tu?"

Ukasema, "Haya mwanangu. Kazi njema."

Hatukuongea tena. Ulianguka kwenye shamba la alizeti, jembe mkononi, saa nne ya asubuhi, na walipokufikisha barabarani kutafuta gari ulikuwa umeshaondoka. Mimi nilikuja kuitazama balbu siku ya msiba wako.

Jioni ya mazishi wanawake walikuwa wamejaa chumbani kwenu, kwenye mikeka. Mimi nilikaa karibu na mlango, mgongo ukutani, chini kabisa ya swichi. Shangazi Raheli, dada yake Baba, unamjua, hata kwenye msiba wa mwenzake lazima awe msimamizi, akasema taa inawaumiza macho wazee. Akazima. Tukakaa gizani na kile kidoti chekundu juu ya kichwa changu. Halafu balbu ikakonyeza.

Wanawake wakainua vichwa. Ikakonyeza tena.

Shangazi akashika kifua. "Wifi yangu huyo! Wifi hajaondoka!"

Mama, kilio kilianza upya kama vile umekufa dakika ileile. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, niliyokuambia wewe nikiwa juu ya ngazi, nikafumba mdomo nikayameza. Kwa sababu ningesema ni hitilafu, mtu angeuliza hitilafu hiyo imeanza lini. Na ningesema imeanza lini, angeuliza mbona fundi wa nyumba hii hakuitengeneza. Na Baba alikuwa upande wa pili wa mlango, anasikia.

Ukinyamaza siku ya kwanza, siku ya pili kusema kunakuwa mlima. Siku ya tatu habari ilikuwa imefika sokoni. Watu walianza kuja na pole yenye macho ya kuchungulia. Wengine walikataa kuingia jua likizama. Mchungaji alikuja kuombea nyumba, akaitazama balbu, akanitazama na mimi. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Nilitazama viatu vyangu.

Kisha Shangazi akakata shauri. Kwamba arobaini ikipita, Baba ahamie kwake Shelui, nyumba ifungwe, kuku wagawanywe. Alilisema mbele ya wazee wa ukoo: "Mwanamume mjane halali chumba kimoja na marehemu anayemkonyeza. Atamfuata." Wazee wakaafiki. Baba hakuinua kichwa. Alikuwa anachonga mpini wa jembe lako, ule uliolegea, akaendelea kuchonga. Nilimwona nikafikiri amekubali. Nikamwaza akiwa Shelui, kwenye chumba cha nyuma cha Shangazi, malori yanaunguruma usiku kucha, hana ng'ombe wa kumtazama wala jirani wa kubishana naye, na yote hayo kwa sababu mimi nina aibu ya kusema sentensi moja.

Ungefikiri basi nitaisema. Sikuisema. Nilijiambia nitatengeneza kimyakimya, balbu itaacha kukonyeza, Shangazi ataona wifi yake amepumzika, Baba atabaki kwake. Watu wote watapona na mimi sitaulizwa.

Nilikwenda Misigiri Jumamosi, wiki moja kabla ya arobaini. Jumapili walipojiandaa kwenda kanisani nikasema kichwa kinaniuma. Shangazi alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma. Walipopotea njiani nikazima mein swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima, nikapanda kwenye stuli, nikaifungua balbu.

Kwenye kitako chake cheupe kulikuwa na alama ya unga. Kidole gumba. Uliifunga ukitoka kusonga ugali, Mama, hukunawa. Alama yote iko pale, na ile mikunjo ya kidole.

Dawa rahisi ilikuwa kubadilisha balbu. Hata mwanafunzi wa miezi mitatu analijua hilo. Lakini nilishindwa kuitupa, na nilishindwa kuifuta. Nikairudisha kwa ncha za vidole. Nikasema basi, kama kuna kitu cha kutolewa hapa, kitoke cha kwangu. Nikafungua swichi, nikakata miguu miwili ya ile taa ndogo, nikaitia mfukoni, nikafunga. Nikawasha mein swichi. Nikawasha taa, nikazima. Balbu ikatulia kimya. Nilikaa kitandani kwenu nikajisikia fundi kweli.

Ilikuwa saa nne, dirisha liko wazi, jua limejaa chumba kizima. Kidoti chekundu mchana hakionekani hata kikiwepo. Kwa hiyo sikuona kilichopungua. Niliangalia kosa tu, Mama. Sikufumba macho nikaingia kama ulivyonifundisha.

Jioni mimi na Shangazi tulikuwa jikoni, yeye anakoroga mlenda, mimi nachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Baba aliinuka uani kwenda chumbani kuchukua koti, kibaridi kilikuwa kimeanza. Nikasikia mlango. Halafu nikasikia kiganja ukutani.

Shwaa. Kimya. Shwaa.

Sauti ile naijua. Nimelala nyumba ile miaka yote ya utoto wangu nikiisikia, wewe ukipita koridoni kabla ya nge. Kiganja kikavu kwenye plasta. Nikaganda na sinia mkononi. Nikasikia stuli ikianguka, ileile niliyopandia asubuhi na sikuirudisha mahali pake. Halafu tena, shwaa, sasa upande ambao si wenyewe, nyuma ya kabati walilolisogeza wakati wa msiba, pale penye nyufa. Nge wanapenda nyufa. Na Baba hakuita mtu. Unamjua, hawezi kuita mtu amwonyeshe ukuta wa nyumba yake.

Nilikimbia. Nilipomulika na simu nilimkuta amesimama ameuelekea ukuta, kiganja wazi, kama anaupima homa. Hakugeuka.

"Umekitoa," akasema.

Hakuwa anauliza. Nikasema ndiyo, Baba. Na nilipokwisha kusema ndiyo hiyo moja, mengine yote yakaja yenyewe, siwezi kukuandikia kwa mpangilio maana sikuyasema kwa mpangilio. Nikamwambia ni waya, haikuwahi kuwa wewe, nilijua tangu siku ya kwanza. Nikamwambia ulinipigia mara tatu. Nikamwambia nilivyokujibu mara ya tatu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, mlenda unadondoka sakafuni.

Baba aliketi kitandani, upande wako. Akasema, "Najua ni waya, Naomi. Mama yako alinieleza jioni ileile."

Akanieleza ulivyomweleza. Kwamba ni kama bomba la nje lisilofungika vizuri. Tone, tone, tone kwenye sufuria, husikii kitu, ila sufuria ikijaa inamwagika, na kule kumwagika ndiko kukonyeza. Mama, mimi nimesoma miaka mitatu na sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri namna hiyo. Nimeshawaeleza wateja wawili kwa maneno yako, na wote wameelewa.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, watu wamejaa nyumba, wazee wamekaa kikao, Shangazi anataka kumhamisha. Akasema, "Fundi ni wewe. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Hilo lilitosha kunilaza chini. Lakini Baba hakuwa amemaliza. Alikuwa anaipangusa stuli vumbi, hanitazami, anaongea kama mtu anayetaja bei ya mtama.

"Yule aliyemuuzia balbu Shelui alimwambia airudishe, atampa nyingine isiyo na tabia hiyo. Gulio lililofuata tulikwenda wote. Tukafika njiani, nikamuuliza balbu iko wapi. Akasema ameiacha nyumbani. Nikamwambia turudi tuichukue. Akakataa. Akasema, 'Ikipona, Naomi atakuja kufanya nini?'"

Mama.

Nimejaribu kuandika kinachofuata hapa mara nne, nimechana karatasi. Kwa nini hukusema tu "njoo"? Neno fupi hivyo. Ungesema "njoo, nimekukumbuka." Nimejiuliza hivyo tangu siku ile, nikikasirika nawe, halafu nikikasirika na mimi, halafu na mtu wa saruji, maskini, ambaye hana hata habari. Na jibu nalijua. Ungesema njoo, ningesema wiki ijayo. Ulijua mwanao haji kwa sababu ya kukumbukwa, anakuja kwa sababu ya kazi. Basi ukanitafutia kazi. Ukalala chini ya balbu inayokukonyeza usiku kucha, ukaitunza isipone, na mimi nikakuambia uvumilie.

Samahani. Sina namna ya kulipamba. Samahani sana, Mama.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la kwanza kuja mjini, nikachukua swichi mpya ya taa ndogo, saa saba nilikuwa nimerudi. Safari hii nilimfumbisha Baba macho. Aliona haya, akasema watu watamcheka, nikafunga dirisha. Akatoka, akaingia, akainua mkono. Kiganja chake kiligusa juu ya alama yako, kama vidole vinne hivi. Nikatoa penseli nihamishe. Akanishika mkono. "Acha palepale pa mama yako. Mimi nitainama." Nikafunga palepale. Ukuta pale umefanya weusi kidogo kwa miaka ya mikono yako yenye unga na masizi. Shangazi alikuwa ameshanunua rangi ya kupaka kabla ya arobaini. Nikamwomba asipake mahali hapo, na hapo tu ameacha.

Siku ya arobaini, watu wamekula, mchungaji amemaliza, nilisimama nikasema. Yote. Niliwaambia mama yangu aliniita nije nitengeneze, nikasema wiki ijayo mpaka akafa, na kinachokonyeza mle ndani ni kazi yangu ambayo sikuifanya. Nyuma ya jiko kuku walikuwa wakiparua.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa naiaga balbu? Kila usiku, 'lala salama wifi,' kumbe naaga balbu ya Shelui?"

Mzee mmoja alicheka kwanza, akajificha kwenye kofia yake. Halafu wakacheka wote, na Baba akacheka, Mama, akacheka mpaka akafuta macho, na sikujua anafuta kicheko au kingine. Sijui nani alianza kusema, lakini baadaye kila mtu alikuwa na kisa chako cha kusimulia. Habari ya Baba kuhamia Shelui haikutajwa tena. Jioni Shangazi alifungasha vitu vyake arudi kwake. Kabla hajatoka nilimwona anachungulia chumbani, akaangalia huku na huku kama kuna mtu, akasema polepole, "Haya wifi, mimi nakwenda." Nilijifanya nafunga begi.

Habari nyingine ni hizi. Alizeti tumevuna, Baba na vijana wa jirani, magunia yako ndani. Mtetea wako mweusi ameatamia kwenye kikapu kilekile ulichobebea kuku wa kununulia balbu, na ameng'ang'ania, hakuna anayemwondoa. Baba anajisongea ugali. Una mabonge. Anaula na kusema ni mzuri, na mimi nikienda naula na kusema ni mzuri.

Jua linashuka sasa, mwenye nyumba amepita tena, nadhani ameshajua kwamba hivi si vipimo. Lazima nifunge hata swichi moja zaidi kabla sijaondoka, nisije nikamfanyia mtu mwingine wiki ijayo yangu.

Kitu cha mwisho. Balbu sikuibadilisha. Nilipomaliza kufunga swichi Baba aliniuliza kama nimeleta na balbu ya kuponya ule ugonjwa. Nilikuwa nayo, Mama, iko kwenye mkoba wangu, nzuri, isiyokonyeza. Nikamwambia sijaleta. Nikamwambia Jumamosi ya baada ya arobaini nitakuja kuitazama. Akautazama mkoba wangu, halafu akasema, "Haya, mwanangu." Na Jumamosi hiyo nilikwenda. Nikapanda kwenye stuli, nikaitazama, nikasema inahitaji muda. Tukanywa chai.

Basi nakuahidi hivi. Kila Jumamosi ya pili, mvua iwe inanyesha au la, mtu wa saruji anune au asinune, nitakwenda Misigiri kuitazama ile balbu, na sitaitengeneza. Siku Baba akisema anachoka nayo nitakwenda kutazama mlango, au mein swichi, au chochote kitakachokubali kuharibika. Na nikipigiwa simu sitasema wiki ijayo.

Pumzika sasa, Mama. Huna haja ya kupapasa tena huko uliko, naamini hivyo, na kama kuna mahali penye giza, fumba macho uinue mkono kama ulivyonifundisha.

Ni mimi mwanao,
Naomi

Baba anakusalimu. Anasema nikuambie bado inamkonyeza, na kwamba yeye haijibu.